Ufagio na Udongo: Historia ya Majani Yanayofunika Kiwanja Kwetu Bukavu

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo methali inavyosema. Kwetu Bukavu tunaweza kuongeza neno: usipofunika udongo utajenga ngazi.

Mpendwa msomaji, panda siku moja mpaka Kadutu ao Panzi, upite katika zile avenyu ndogo-ndogo, na uangalie milango ya nyumba za zamani. Nyumba ambayo mwenyewe aliijenga kizingiti kikiwa sawa na kiwanja, leo ina ngazi mbili ao tatu za mawe mbele ya mlango. Nyumba haikupanda. Ni kiwanja njo kilishuka. Msingi ambao fundi aliuficha ardhini uko nje, watoto wanaukalia kama benchi. Na kila asubuhi, mbele ya msingi huo, kuna mtu anayefagia kwa bidii yote mpaka udongo unang'aa.

Katika kijitabu hiki wenzetu wataandika juu ya ndoa, matanga, ngoma na majina. Sisi tumechagua kuandika juu ya kitu ambacho wengi hawakihesabu kama mila: namna tunavyotunza ardhi inayozunguka nyumba. Tunauliza swali moja. Je, kiwanja kitupu, kilichofagiwa chote, bila jani hata moja, ni mila ya wazee wetu kweli? Ao ni kitu tulichokipata njiani, tukakiita mila kwa sababu tulikikuta kwa mama zetu?

1. Kiwanja cha wazee kilikuwa kidogo

Tuanze na Bushi, maana Bukavu imejengwa juu ya vilima vyake. Zamani nyumba za Bushi hazikusongamana. Kila muji ulikaa juu ya mgongo wa kilima ao ubavuni mwake, umezungukwa na lugo la miti mibichi. Mbele ya mlango palikuwa na kiwanja. Pale watu walianika maharagwe na mtama, walipokea wageni, walikaa jioni na kasiksi, na ng'ombe walisimama pale kabla ya kuingia. Kiwanja hicho kilifagiwa, hakuna mwenye kukataa. Mtu asiyefagia kiwanja alionekana mvivu, na maharagwe yake yalijaa takataka.

Lakini tuangalie vizuri. Kiwanja hicho kilikuwa sehemu ndogo ya muji. Nyuma ya nyumba, na mara nyingi pande zote, ilianza migomba. Na chini ya migomba udongo haukuonekana. Majani makavu ya mgomba yalilazwa chini, maganda ya ndizi na ya maharagwe yalitupwa pale, mbolea ya ng'ombe ilipelekwa pale, majivu ya jikoni pia. Katikati ya migomba kulikuwa maharagwe, kolokazi na maboga yanayotambaa. Mvua iliposhuka, ilikutana kwanza na jani pana la mgomba, kisha na jani la kolokazi ao la boga, kisha na matandazo. Ilipofika kwenye udongo ilikuwa imechoka.

Hapo kuna akili kubwa ambayo hatukuisoma katika kitabu. Muji wa zamani ulikuwa na sehemu mbili: sehemu ya kufagia na sehemu ya kufunika. Ufagio ulikuwa na mpaka wake. Mwanamke aliyefagia asubuhi alibeba takataka zile zile na kuzimwaga chini ya migomba, zikawa blanketi ya udongo. Kwa hiyo kufagia na kufunika vilikuwa kazi moja, inayofanywa na mkono mmoja. Hakuna aliyeona vita kati yao.

Wala tusifikiri kwamba mimea yote hiyo ilikuwa ya hapa tangu kuumbwa kwa dunia. Viazi vitamu, ambavyo majani yake tunayaita matembele, vilitoka Amerika. Maharagwe yetu na maboga mengi tunayopanda nayo asili yake ni huko. Migomba yenyewe ilitoka Asia, zamani sana. Wazee walipokea kila mmea uliofaa, wakaupa mahali pake. Tunasema hivi mapema, kwa sababu huko mbele tutataja majani mengine ya kigeni, na kuna ndugu watakaosema «hayo si yetu».

2. Majani ya bwana, udongo wa mfanyakazi

Mji wa Bukavu ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama kituo cha utawala wa kikoloni, na kwa miaka mingi uliitwa Costermansville. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyoshughulika na kuwagawia walowezi ardhi. Wazungu walipenda hali ya hewa hii ya mita 1,500 na ziwa lake. Wakajenga nyumba za Nguba na Muhumba, na kuzunguka kila nyumba wakataka majani mafupi, ya kijani, yanayoteremka mpaka karibu na maji.

Hivyo njo pasipalumu ilivyojulikana kwetu. Ni nyasi ya Amerika Kusini, yenye shina nene linalotambaa na kujishika ardhini kama vidole. Haiogopi kukanyagwa, haiogopi jua la Julai. Mpaka leo, ukisema «pasipalumu» katika mji wetu, hata mtoto anajua: ni majani ya nyumba za wakubwa, ya ofisi, ya misheni na ya hoteli.

Sasa tumwangalie mtu aliyezipanda. Asubuhi alitoka Kadutu kwa miguu, akashuka kwa bwana wake, akakata pasipalumu kwa kupekupe siku nzima, mgongo umepinda. Jioni alirudi kwake. Na kwake ilikuwaje? Mwaka 1952 utawala uliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, OCA, iliyojenga nyumba za mistari katika miji mikubwa ya koloni, Bukavu pia. Parseli zilikuwa ndogo na zilikaguliwa. Ajenti wa usafi alipita, akaangalia choo, akaangalia takataka, akaangalia majani. Majani marefu yalikuwa kosa, kwa sababu yalihesabiwa kama maficho ya mbu na panya. Njia rahisi ya kumaliza neno na ajenti ilikuwa kung'oa yote. Parseli tupu haikuwa na kesi.

Ndivyo mtu mmoja, kwa siku moja, aliishi katika sheria mbili: kwa bwana udongo usionekane, kwake jani lisionekane. Tukumbuke pia kwamba katika parseli ile ndogo migomba haikuwa na nafasi. Ile sehemu ya kufunika ilipotea, ikabaki sehemu ya kufagia peke yake. Ufagio ukavuka mpaka wake wa zamani, ukala parseli nzima.

Watoto waliozaliwa katika parseli hizo hawakujua historia hiyo. Walimwona mama anafagia mpaka ukuta wa jirani, wakasema: hivi njo kufanya usafi. Na sisi tuliwafuata.

3. Kazi ya erozioni iliyochukiwa

Wakoloni hawakukosa kuona kwamba vilima vya Kivu vinateremka. Taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliundwa mwaka 1933, makao yake yakawa Yangambi. Kwetu ilikuwa na kituo cha Mulungu, katika teritware ya Kabare, kwa ajili ya mimea ya milimani kama kahawa, chai na kinkina. (Tangu 1970 kazi hiyo inabebwa na INERA.) Katika mashamba ya michikichi na ya mipira, huko chini kwenye joto, wataalamu walipanda mimea inayotambaa ya ukoo wa maharagwe, hasa Pueraria, ili udongo usikae uchi kati ya miti. Huku juu, mashamba ya kahawa yalitandikwa majani makavu. Wazee wa Bushi wangeweza kucheka: wataalamu walikuwa wanafanya chini ya kahawa ile kazi ambayo bibi zetu waliifanya chini ya migomba.

Lakini jambo zuri likiletwa kwa fimbo linakuwa baya. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 iliweka kazi za lazima vijijini, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikafikishwa 120. Baada ya vita ikaja Kivu ile kazi maalumu ya kupiga vita erozioni, «Mission anti-érosive». Watu walichimba mifereji kufuata ubavu wa kilima, wakapanda mistari ya nyasi ngumu kama setaria na matete. Kazi yenyewe ilikuwa na maana. Udongo ulishikwa kweli. Lakini mtu aliyekuwa na kilima kilichochoka, akalazimishwa kuacha sehemu ya shamba lake kwa nyasi isiyoliwa, tena bila kuulizwa, hakuweza kuipenda. Na kando yake aliona ardhi pana ya mlowezi.

Basi uhuru ulipofika mwaka 1960, mifereji mingi haikutunzwa tena, na mistari mingi ya nyasi ilikwisha. Watu walitupa kazi ya erozioni pamoja na fimbo yake. Tunawaelewa. Lakini tusifiche hasara yake. Tangu hapo, katika vichwa vya wengi, kupanda jani la kushika udongo ni kazi ya mzungu, ao ya mradi, ao ya shamba la mtu mwingine. Si kazi ya nyumbani.

4. Salongo

Miaka ya 1970 ikaja Salongo. Wenye umri wetu wanakumbuka vizuri. Siku ya Salongo kila mtu alitoka na jembe, kupekupe na ufagio. Kazi nyingine zilikuwa za maana: kuzibua mitaro, kutengeneza barabara. Lakini kazi iliyoonekana haraka, ile ambayo mkubwa akipita anaiona bila kushuka katika gari, ilikuwa kukata majani. Tulikata mpaka kwenye mzizi. Ukingo wa barabara ulikwanguliwa, ubavu wa mlima ulikwanguliwa, uwanja wa shule ulikwanguliwa. Palipobaki udongo mwekundu mtupu tulisema: hapa pamesafika.

Sisi wenyewe, tukiwa wanafunzi, tuliadhibiwa kwa kung'oa majani nyuma ya darasa. Hakuna mwalimu aliyetupa adhabu ya kupanda. Na ile mitaro iliyozibuliwa Jumamosi ilijaa tena udongo mvua ya kwanza ilipopiga. Huo udongo ulitoka wapi? Ulitoka mahali tulipokwangua. Hatukuunganisha mambo hayo mawili.

5. Mlima uliojaa nyumba

Halafu mji ulipanuka kuliko mtu yeyote alivyofikiri. Wakimbizi wa mwaka 1994, vita vya 1996 na vilivyofuata, usalama uliokosekana vijijini: kila kimoja kilileta watu Bukavu. Mahali ambapo zamani hakuna mtu angejenga, ubavuni kabisa, leo nyumba zimepandana kama vitabu katika kabati. Miti ikakatwa. Huko vijijini migomba nayo ikapata ugonjwa. Mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi mwaka 2001, ukateremka mpaka huku kusini. Mashamba mengi yaliyokuwa yanafunika udongo yalikufa.

Ardhi yetu ni udongo wa mfinyanzi uliotokana na mawe ya volkano. Tone la mvua likipiga udongo kama huo ulio uchi, linauponda na kufunga vitundu vyake vidogo. Kufagia kila siku kunaondoa yale machembe yaliyolegea na kuacha uso mgumu kama sahani. Maji hayaingii tena, yanakimbia. Kiwanja kimoja kitatoa ndoo chache za maji mekundu. Lakini viwanja mia vilivyo juu ya mlima mmoja, pamoja na mabati mia yasiyo na mtaro, vinatoa mto. Na anayeupokea mto huo ni mtu wa chini, ambaye pengine yeye amefunika kwake.

Mwaka 2025 jarida la kisayansi Nature lilitoa utafiti juu ya makorongo ya mijini, yale tunaita ravini, katika nchi yetu. Walihesabu ravini 2,922 katika miji 26. Kati ya 2004 na 2023, watu karibu 118,600 walipoteza mahali pa kukaa kwa sababu yake. Hao si watu wa hadithi. Ni majirani waliolala na nyumba, wakaamka bila jiko.

Tuseme ukweli wote, maana kijitabu hiki si tangazo la biashara. Majani hayamalizi kila jambo. Pale Funu, katika Kadutu, mlima wenyewe unateremka polepole kutoka chini sana, kama walivyoonyesha wataalamu wa jiolojia, na hakuna mzizi wa nyasi unaofika huko. Mafuriko ya Kalehe ya Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 400 kule Bushushu na Nyamukubi, yalikuwa nguvu ambayo kiwanja cha mtu hakiwezi kushindana nayo. Ravini kubwa inataka Serikali, inataka mitaro ya saruji na wahandisi. Jani linashika ngozi ya udongo, haliwezi kushika mifupa yake. Lakini kila siku tunapoteza kwanza ngozi, na hiyo iko mikononi mwetu.

6. Kupekupe ya tantine

Tusimulie lililotupata sisi wenyewe. Katika parseli ya mmoja wetu, yenye mteremko mkali nyuma ya nyumba, tulipanda pasipalumu upande mmoja na matembele upande mwingine. Mbele ya mlango tuliacha kiwanja cha kufagia, kama cha wazee. Tulichora mustari wa rangi kwenye msingi, sawasawa na udongo, ili tuone wenyewe kama udongo utashuka. Msimu wa mvua ulipopita, upande wa jirani, ambao haukupandwa kitu, mustari ulibaki hewani. Upande wa majani ulifunikwa, hatukuuona tena mpaka tuyafunue kwa mkono. Tulifurahi sana.

Kisha ikaja siku ya kupokea wageni wa mahari. Tantine wetu alifika kutoka Walungu siku mbili mbele ili kusaidia. Asubuhi tulipotoka kazini, alizunguka nyumba, akashika kichwa. Jioni tuliporudi, tulikuta udongo mwekundu, umefagiwa vizuri, na mistari ya ufagio imechorwa kama kitambaa. Tantine alikuwa amechoka na ana furaha. «Nimewatengenezea. Bageni bangesema nini? Eti hapa hakuna mwanamuke?»

Hakuna aliyeweza kumkasirikia. Alifanya kwa mapendo, na neno alilolisema ni zito. Katika mji wetu kiwanja ni cheti cha mwanamke. Binti-mkwe anapimwa kwa ufagio kabla hajapimwa kwa sufuria. Anayeacha majani anasemwa yeye, hasemwi bwana wake. Kwa hiyo tunapowaambia akina mama «funikeni udongo», tunawaomba wabebe aibu mbele ya jirani. Hilo si jambo dogo, na wanaume wanaohubiri erozioni katika mikutano wanalisahau.

Baada ya chakula tulimuuliza tantine kwa heshima: «Na kule kwako Walungu, chini ya migomba, unafagia?» Akacheka. «Eh! Nifagie migomba? Kule ninatandika majani, kama hapana udongo utaenda wote.» Tukamuuliza: «Na hapa?» Akanyamaza kidogo. «Kule ni kijijini. Hapa ni mujini.»

Katika maneno hayo mafupi kuna historia yote tuliyoieleza. Tantine hakukosa akili ya kufunika. Anayo, na ni mwalimu wetu. Lakini mahali fulani kati ya Walungu na Bukavu tulifundishwa kwamba akili hiyo inaachwa barabarani, pamoja na matope ya miguu.

7. Majani gani, na namna gani

Sasa tutoe mashauri machache, kwa yule anayetaka kuanza.

Kwanza, rudisha mpaka wa ufagio. Acha kiwanja mbele ya mlango, na ukanda wa kama mita moja kuzunguka ukuta. Hapo fagia upendavyo. Ukanda huo unasaidia ukuta usipate unyevu na unaonyesha mchwa wakianza kupanda. Tena mgeni akiingia anaona kwamba nyumba ina mwenyewe.

Pili, chagua mmea kwa kazi yake. Pasipalumu ni ya mahali panapokanyagwa na penye mteremko. Matembele ni ya mahali pasipokanyagwa, na yanaingia sufuriani, hiyo ndiyo faida yake kubwa. Ila juu ya mteremko mkali kula majani, usichimbe viazi, maana kuchimba kunafungua udongo katikati ya mvua. Maboga yanafunika haraka, lakini yanakwisha msimu ukiisha. Pueraria ya mashamba makubwa usiilete nyumbani, kwa sababu inapanda juu ya kila kitu na kusonga miti midogo. Kuna mmea mwingine wa ukoo wa karanga, Arachis pintoi, wenye maua madogo ya njano, asili yake Brazili. Unatambaa chini, hauhitaji kukatwa mara nyingi, na kama ndugu zake unaongezea udongo naitrojeni. Ukiupata kwa rafiki, omba vipande. Na pale mwisho wa parseli, penye ukingo mrefu, panda mistari ya setaria, ao ya vetiveri ambayo mizizi yake inakwenda chini kuliko ya pasipalumu.

Tatu, angalia wakati na mistari. Panda Septemba ao Oktoba, mvua za kwanza zikishaloanisha udongo, usingoje mvua kubwa. Chukua vipande vyenye mizizi, viweke karibu-karibu, kama shubiri moja kati ya kipande na kipande. Mistari ikate mteremko, isiteremke nao, maana mstari unaoteremka ni mtaro uliouchimbia maji mwenyewe. Kati ya mistari, mpaka majani yakutane, tandika majani makavu kama tantine anavyofanya Walungu.

Nne, jibu watu juu ya nyoka na mbu. Woga huo si ujinga. Nyoka anapenda majani marefu, mawe yaliyolundikwa na kuni zilizokaa muda. Katika pasipalumu iliyokatwa fupi anaonekana kama kwenye meza. Mbu wa malaria anazaa ndani ya maji yaliyosimama. Majani marefu yanaweza kumpa mahali pa kupumzika mchana, lakini hayamzai. Kwa hiyo kata majani yawe mafupi, mwaga maji ya matairi na ya makopo, na utakuwa umefanya kazi ambayo ufagio peke yake hauwezi.

8. Neno la mwisho

Tumeuliza mwanzoni kama parseli tupu ni mila yetu. Jibu letu ni hili: ufagio ni wa wazee, lakini utupu wa parseli nzima si wao. Umetokana na parseli ndogo, na ajenti wa usafi, na Jumamosi za Salongo. Wazee walifagia mahali pa watu na kufunika mahali pa udongo. Anayepanda majani leo nyuma ya nyumba haigi bustani ya Muhumba. Anarudisha ile nusu ya muji iliyopotea tulipohamia mujini.

Na tantine? Alikaa kwetu mpaka wageni wa mahari walipokwenda. Siku ya kurudi, mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi alisimama nyuma ya nyumba, pale alipofagia, akaangalia vijito vidogo vyekundu vilivyokuwa vimechora njia mpaka kwa jirani wa chini. Hakusema kitu kuhusu majani. Alisema tu kwamba akirudi tena ataleta mbegu za maboga, kwa sababu hapo nyuma panafaa.

Tulimpa kupekupe aibebe Walungu. Ufagio ulibaki, mbele ya mlango, mahali pake.